Ziwa Dogo Wanaloliita Kubwa

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Methali hii yawafaa mno Wakenya wengi wanapozungumza kuhusu kaskazini mwa nchi yao wenyewe. Utajapo Marsabit mbele yao, papo hapo fikira zao hukimbilia mchanga, ngamia, jua la utosi na habari za wizi wa mifugo. Ni wachache wanaojua kwamba katikati ya majangwa hayo pana mlima wenye msitu mbichi, na kwamba ndani ya msitu huo pana ziwa dogo lililojificha kana kwamba halitaki kuonekana na kila mpita njia.

Leo, msomaji mpenzi, nataka tulizungumze ziwa hilo. Sitaki tulisifu tu kama wafanyavyo wachapishaji wa vitabu vya watalii, kisha tufunge ukurasa. Nataka tujiulize ziwa hili linaishi kwa nini, na likifa ni nani atakayeomboleza.

Mlima Marsabit ni volkano ya zamani ambayo kilele chake hufikia kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kusini yake umetandaa uwanda mkavu wa Kaisut. Kaskazini-magharibi lipo jangwa la Chalbi, ambalo hapo kale lilikuwa ziwa na sasa ni tambarare ya chumvi na vumbi. Moto wa ardhini ulipotulia uliacha makasoko mengi ya duara, ambayo Waborana huyaita gof. Ipo Gof Redo, karibu na njia iendayo kaskazini, na ipo Gof Bongole, pana na yenye kingo za kutisha. Na ndani ya msitu ipo Gof Sokorte Guda, ambamo limo ziwa letu.

Tusimame kidogo kwenye jina hilo. Katika lugha ya Waborana, guda ni kubwa. Jirani yake, kasoko nyingine yenye maji ambayo kando yake ilijengwa hoteli ya watalii, huitwa Sokorte Dika, yaani Sokorte ndogo. Basi ziwa hili, ambalo ukililinganisha na Turkana au Victoria ni tone tu, kwa wenyeji wake ni kubwa. Hawakukosea kulipima. Ukubwa wa maji katika nchi kavu haupimwi kwa upana wake bali kwa idadi ya midomo inayoyategemea.

Lakini jina hilo silo linaloandikwa kwenye ramani nyingi. Ramani huandika Paradise, yaani Peponi. Jina hili lilitolewa na Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka jimbo la Kansas nchini Marekani, waliokuwa wakizunguka dunia kupiga picha za sinema. Walilifikia ziwa hili mwanzoni mwa miaka ya 1920, baada ya kuelezwa habari zake na Blayney Percival, mkuu wa idara ya wanyamapori ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1924 walirudi, wakajenga nyumba kwenye ukingo wa kasoko, wakalima bustani ya mboga na kukaa huko hadi mwaka 1927. George Eastman, yule mwasisi wa kampuni ya Kodak, alikuwa miongoni mwa waliowasaidia kwa fedha, naye mwenyewe alifika Kenya mwaka 1926. Matunda ya kazi yao yalikuwa filamu iliyoitwa Simba, iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1928, pamoja na kitabu cha Osa kuhusu miaka minne ya Peponi kilichotoka mwaka 1941.

Hatuna haja ya kuwalaumu. Walipenda walichokiona, na picha zao zimetuhifadhia sura ya msitu ule kama ulivyokuwa takriban karne moja iliyopita. Hata hivyo, jina walilolitoa lina fundisho. Peponi ni mahali pa kustarehe. Hakuna anayekwenda peponi kuteka maji, kunywesha ng'ombe au kutafuta kuni. Jina Sokorte Guda lilimhusu anayeishi pale. Jina Paradise lilimhusu anayepita.

Kisha itazame kejeli ya historia. Wageni walipokuwa wakikaribishwa kuipiga picha pepo hiyo, wenyeji wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walikuwa wakifungiwa ndani ya sheria baada ya sheria. Ile ya mwaka 1934 kuhusu wilaya maalumu iliipa serikali ya kikoloni mamlaka ya kudhibiti nani aingie, nani atoke, na mifugo ilishwe wapi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, eneo hilo liliingia katika vita vya shifta na hali ya hatari. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake mashuhuri, Sessional Paper nambari 10, ulioeleza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe zaidi kule ambako mavuno ya haraka yangepatikana, yaani penye mvua na rutuba. Kaskazini ikabaki kungoja. Si ajabu basi kwamba kwa miaka mingi mtu wa Marsabit aliyekuwa akisafiri kwenda Nairobi aliwaaga wenzake kwa kusema, "Naenda Kenya."

Lakini kuna mkaazi mmoja wa mlima huo ambaye Kenya nzima ilimjua. Huyo ni Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalumu ya kumlinda, na askari wakawekwa kumwangalia usiku na mchana ili majangili wasimfikie. Alikufa mwaka 1974 kifo cha uzee, na kila pembe yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 67. Sanamu yake imesimama hadi leo katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na maelfu ya watoto wa shule wamepigwa picha chini yake.

Ni fahari kwa taifa kumlinda mnyama kwa amri ya rais. Lakini tujiulize: Ahmed alikula nini na kunywa wapi? Askari waliulinda mwili wake dhidi ya risasi. Kilichomlisha na kumnywesha ni msitu ule na maji yale. Laiti amri ile ingalitaja na miti, pengine leo tungekuwa na mazungumzo mengine.

Maana ukweli wa mambo ni huu: ziwa hili halilishwi na mto wowote wa kudumu. Mlima wa Marsabit hauna mto wa kudumu hata mmoja. Uhai wake unatokana na mvua na ukungu. Pepo zenye unyevu zinazotoka upande wa Bahari ya Hindi husafiri mamia ya kilomita juu ya nyika bila kukutana na kizuizi cha maana, hadi zikutane na mlima huu uliosimama peke yake. Hapo hulazimika kupanda, zikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu. Anayeamka mapema mjini Marsabit atakuta mlima umejifunika blanketi jeupe, na mara nyingi blanketi hilo haliondoki hadi jua lipate nguvu.

Ukungu peke yake haumjazii mtu mtungi. Unahitaji kitu cha kuukamata, na kitu hicho ni mti. Majani, matawi na ile mimea ya kijivu inayoning'inia matawini kama ndevu za mzee hunasa vitone vya ukungu, vitone hukusanyika, na vikisha kuwa vizito hudondoka. Udongo ulioshikwa na mizizi huyanywa maji hayo polepole na kuyatoa polepole, katika chemchemi na katika makasoko. Mti ukikatwa, ukungu utaendelea kuja kila usiku kama desturi yake, lakini utapita juu ya mlima na kwenda zake. Mahali palipo na kisiki hapana wa kuupokea mgeni huyo.

Kwa hiyo anayesimama ukingoni mwa Sokorte Guda na kuyatazama maji yaliyotulia chini yake, nyati wakinywa upande huu na ndovu wakishuka upande ule, anatazama akiba ya msitu. Ziwa ni kama daftari la benki. Miaka ya mvua njema hesabu hupanda, na miaka ya ukame hushuka. Ukame ukizidi, maji hurudi nyuma, nyasi huota palipokuwa na viboko vya mawimbi, na hatimaye hubaki tope.

Sote twakumbuka ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, wakati misimu mitano ya mvua ilipopita mfululizo bila mvua ya kutosha. Katika maeneo kame ya Kenya walikufa zaidi ya mifugo milioni 2. Wafugaji wa Marsabit, Warendile, Wagabra, Waborana na Wasamburu, waliona mali ya vizazi ikigeuka mizoga kando ya barabara. Wakati kama huo mlima huwa kimbilio la kila kiumbe. Ng'ombe hupandishwa msituni kutafuta majani, na wanyama wa porini nao hushuka kutafuta maji kwenye makazi ya watu. Kina mama nao hupanga mitungi yao ya njano tangu alfajiri wakingojea zamu.

Maana mji wa Marsabit nao unakunywa kutoka mlima huo huo. Chemchemi za Bakuli, zilizomo ndani ya msitu, zimekuwa tegemeo la mji kwa miaka mingi. Mji ulikuwa kituo kidogo cha utawala. Leo ni makao makuu ya kaunti, mojawapo ya zile kubwa kabisa nchini kwa eneo, na watu wake wameongezeka mara nyingi kuliko chemchemi. Chemchemi haziongezeki kwa uchaguzi wala kwa ahadi za majukwaani. Mti anaoukata jirani kwa ajili ya kuni au makaa ni mfereji wa mwenzake anayeishi upande wa pili wa mji.

Tukitoka msituni, hatuna budi kuvitembelea visima vya Ulanula, kilomita chache kutoka mjini. Wageni huviita visima viimbavyo. Vijana hushuka kisimani na kusimama mmoja juu ya mwingine kama ngazi ya watu, kisha ndoo hupandishwa kutoka mkono hadi mkono na maji kumwagwa katika birika la udongo ambamo ng'ombe hunywa. Kazi hiyo huenda kwa nyimbo, na nyimbo hizo ndizo zinazoshika mwendo ili mkono wa chini usichelewe wala wa juu usiharakishe. Ng'ombe wenyewe huzijua na husogea zamu yao ifikapo.

Mtalii hupiga picha, akalipa ada yake na kuondoka. Lakini kilicho kikubwa zaidi katika visima vya Waborana hakionekani kwenye picha. Kila kisima kina utaratibu wake. Yupo anayehesabiwa kuwa mrithi wa aliyekichimba, na yupo abba herega, anayesimamia zamu ya kunywesha, akijua ni kundi la nani litangulie na ni la nani lingojee. Asiyeshiriki katika kusafisha na kukarabati hana sauti. Mgeni mwenye kiu hafukuzwi, ila hupangiwa zamu yake. Hii ni sheria ya maji iliyokuwapo kabla ya wizara yoyote ya maji, na imedumu kwa sababu kila mmoja anaiona faida yake.

Hapa ndipo ninapotofautiana na makundi mawili yanayobishana kila mara habari za msitu wa Marsabit zinapotajwa.

Kundi la kwanza husema kwamba msitu ni urithi wa taifa na wa dunia, kwa hiyo wenyeji watolewe, mipaka ifungwe na anayekamatwa na mzigo wa kuni ashtakiwe. Hawa wanausahau ukweli kwamba mama anayebeba kuni hana jiko la gesi, na kwamba mchungaji anayepandisha ng'ombe wakati wa kiangazi hafanyi hivyo kwa ukaidi. Ukimfungia mtu mlango wa pekee alio nao, atauvunja usiku.

Kundi la pili husema kwamba watu huja kwanza, na kwamba miti na ndovu ni anasa ya wazungu. Linaongeza kwamba ndovu hao hushuka wakati wa mavuno na kula mahindi ya mkulima katika usiku mmoja, na fidia huchukua miaka kulipwa, ikiwa italipwa. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini hitimisho lake ni la hatari. Msitu ukiisha, ndovu atahama. Mkulima hataweza kuhamisha shamba lake. Mvua na umande vinavyomfanya alime mahindi juu ya mlima, ilhali chini yake ni jangwa, ni zawadi ya msitu ule ule anaouita anasa.

Dawa, kwa maoni yangu, iko katikati, nayo si siri. Wapewe watu maji nje ya msitu, nao msitu utapumua. Mwaka 2009 ulianza mradi wa bwawa la Badassa ambao ulitarajiwa kuwaondolea watu wa Marsabit kiu ya miaka. Ujenzi ulikwama kabla ya kukamilika, fedha nyingi za umma zikiwa zimekwisha kutumika, na wananchi wakabaki na mitungi yao. Kila bwawa linalokwama hulipiwa na chemchemi za msituni. Wanaohusika na zabuni za maji wanapaswa kujua kwamba wao pia ni walinzi wa wanyamapori, hata kama hawavai sare.

Halafu ipo barabara. Zamani, msafiri wa Isiolo kwenda Moyale alipanda juu ya lori la mizigo, akasafiri siku mbili au zaidi katika mawe na vumbi, tena kwa msafara wenye ulinzi wa bunduki. Barabara ya lami ilipokamilika katikati ya mwongo wa 2010, safari hiyo ikawa ya saa chache. Hii ni neema kubwa, na iliyochelewa mno. Lakini lami haichagui abiria. Inayomleta mwalimu, daktari na mtalii ndiyo itakayompitisha anayetafuta makaa na pembe. Tusipoupanga mlima sasa, barabara itaupanga kwa namna yake.

Hata mipango mizuri haitafaa bila amani. Mwezi Julai mwaka 2005, mauaji ya Turbi yaliitikisa nchi nzima. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi iliyowabeba viongozi waliokuwa wakienda Marsabit kwa mkutano wa upatanishi ilianguka karibu na mji huo, na watu 14 wakafa, miongoni mwao wabunge watano akiwamo Dkt Bonaya Godana. Walikufa wakiutafuta upatanisho. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwaka 2022 serikali ililazimika kutangaza marufuku ya kutoka nje usiku huko Marsabit kwa sababu damu ilikuwa ingali inamwagika. Magomvi haya yana sababu nyingi, za siasa na za silaha, lakini chini yake daima utakuta swali la malisho na maji. Ziwa linaponywea, maneno makali hupanda bei.

Nimewasikia wengine wakiuliza: utalii hautaleta suluhisho? Utaleta sehemu yake, ikiwa tutaacha mazoea ya kuwangojea wageni kutoka ng'ambo. Mkenya wa Nakuru, Kisumu au Mombasa aweza leo kufika Marsabit kwa gari la kawaida. Atauona ukungu wa asubuhi, ataishuhudia kasoko ya Gof Redo, atazisikia nyimbo za Ulanula, na akisimama mahali pa juu ataliona jangwa likitandaa hadi macho yachoke. Pengine atajifunza pia kwamba watu aliozoea kuwasoma katika habari za mapigano ni wakarimu wanaomkaribisha mgeni kwa maziwa. Lakini ada ya mlangoni isiishie mikobani mwa ofisi za mbali. Sehemu yake ionekane katika tangi la shule, katika uzio unaomkinga mkulima na ndovu, na katika mishahara ya vijana wa mlimani wanaolinda miti.

Wazee wa visima wanao utaratibu uliokwisha kujaribiwa. Kwa nini usitumike pia kwa msitu? Kaunti na mashirika yanayosimamia msitu na hifadhi yanaweza kukaa na wazee wa jamii zote za mlima, wakubaliane ni wapi ng'ombe waingie wakati wa ukame, kwa muda gani na kwa zamu ya nani, na ni wapi pasiguswe hata jua liwakeje. Sheria ambayo mwenyewe ameshiriki kuitunga haihitaji askari nyuma ya kila mti.

Mwaka 1970 taifa lilikubali kwamba ndovu mmoja alistahili ulinzi wa rais. Msitu unaomnywesha mtu, ng'ombe na ndovu pamoja haustahili pungufu ya hapo. Wabunge na madiwani wa Marsabit waanze na hili: bwawa likamilike, mitungi ijae nje ya msitu, kisha tuwaulize wananchi kwa nini bado wanakata miti. Kwa sasa hatuna haki ya kuwauliza.